Dabo besi ikinguruma, tazameni mlango wa miksa kwanza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme na mafundi mitambo, wapiga besi na wenye shughuli wa hapa Tanga kuhusu chombo kimoja tu: dabo besi, lile besi kubwa la mbao linalomzidi mpigaji kimo. Likipigwa sebuleni bila umeme, kila mtu analisifu. Likichomekwa kwenye mitambo pale Tangamano au kwenye ukumbi wa harusi, linageuka mojawapo ya vitu vitatu: kopo linalogongwa na kijiko, ngurumo isiyo na noti, au mluzi mzito unaomlazimisha fundi ashushe chaneli mpaka chini na kumwacha mpigaji anapapasa nyuzi bure. Kisha lawama zinamwangukia mpigaji, au mbao zenyewe. "Hili limezeeka, leteni gitaa."

Gitaa la besi hatuligombi. Tanga ingekuwa ya mwisho kuligomba, maana Black Star Musical Club na wenzao wa mji huu ndio walioifanya taarab ya mwambao izoee gitaa na besi la umeme, wakati vikundi vya Unguja kama Nadi Ikhwan Safaa na Culture Musical Club vimeendelea kukumbatia dabo besi. Lakini sauti hizi mbili haziwi badala ya nyingine. Noti ya dabo besi inaanza na mkwaruzo wa nyama ya kidole, inatuna ghafla, halafu inakufa mapema na kumpisha mpiga dumbaki. Anayeitaka hiyo hawezi kuridhishwa na gitaa. Na anayeitaka hiyo kwenye spika kubwa lazima akubali kwamba dabo besi ni sanduku lililo wazi, linalosikia kila kinachopigwa karibu yake.

Ushauri wetu mkuu tunautanguliza: kabla hujatoa pesa kununua pikapu mpya, badilisha kile kinachoipokea. Pikapu nyingi zinazotukanwa mjini hapa hazina kosa lolote.

Pikapu tunayoizungumzia si ile ya kubebea machungwa kutoka Muheza. Ni kipande kidogo cha piezo, cha kauri au cha utando, kinachotoa umeme kidogo kikibanwa au kikitikiswa, na kinawekwa kwenye daraja la besi, kile kibao kilichosimama kikibeba nyuzi, au chini ya mguu wa daraja. Kwa macho ya fundi wa redio, kipande hicho ni kapasita, yaani kifaa cha kutunza chaji ya umeme. Sasa kapasita ukiiunganisha na mlango wa kuingizia sauti wenye ukinzani mdogo, sauti za chini hazivuki. Zinapita za juu tu. Hesabu yake ni ya shule ya msingi: zidisha kiloomu (kipimo cha ukinzani) za mlango wa miksa na nanofaradi (kipimo cha kapasita) za pikapu, kisha gawa 159,000 kwa jibu ulilopata. Unachobakiwa nacho ni Hz, yaani mitikisiko kwa sekunde, ambazo kutoka hapo kwenda chini sauti inaanza kupotea. Hapo tupaite mstari.

Chukua pikapu yenye nanofaradi 1. Ukiichomeka kwenye mlango wa kawaida wa miksa wenye kiloomu 10, jibu ni 15,900 Hz. Kumbuka uzi wa E ukiwa tupu unapiga 41 Hz, A ni 55, D ni 73 na G ni 98. Kwa hiyo besi yote, kutoka uzi wa kwanza mpaka wa mwisho, iko chini kabisa ya mstari. Kinachosikika ni kugonga na kukwaruza. Ndilo lile kopo. Ukipitisha kwenye boksi la DI, lile la kuunganishia chombo na miksa, lisilo na betri wala umeme, lile la transfoma, ambalo huwa na kama kiloomu 140, mstari unashuka hadi 1,136 Hz. Bado mbali sana. Ukiwa na mlango wa megaomu 1, yaani kiloomu 1,000, kama wa amplifaya nyingi za gitaa, mstari uko 159 Hz, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika, kwa sababu G inasikika vizuri, D inasikika kiasi, lakini E inabaki na robo tu ya nguvu yake. Fundi anasikia besi "nyembamba", anapandisha besi kwenye ekwalaiza (vile vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti za juu na za chini), na alichokipandisha hasa ni ngurumo ya jukwaa. Megaomu 10 ndiyo inayoushusha mstari mpaka 16 Hz, chini ya noti yoyote atakayoigusa mpigaji.

Msichukue namba zetu kama msahafu. Pimeni. Mita za kidijitali zenye alama ya kapasita ziko kwa mafundi wengi wa Ngamiani. Gusisha ncha mbili za jeki ya pikapu, soma nanofaradi, fanya hesabu. Utakuta vipande vyembamba vya kubana kwenye daraja vina kapasita ndogo na vinadai megaomu 10 bila mjadala. Lakini ile sahani ya shaba ya milimita 27 inayotolewa kwenye kengele za saa na vifaa vya tahadhari huwa na kama nanofaradi 20, na yenyewe inaridhika na megaomu 1. Ndiyo maana mtu anaweza kubandika sahani ya bei ya soda akapata besi nene kuliko jirani yake mwenye pikapu ya bei mbaya iliyochomekwa pasipostahili. Wengi huchukulia kuwa bei ndiyo iliyodanganya, kumbe ni mlango.

Kwa anayenunua, yako maboksi ya DI yenye umeme ambayo mlango wake ni megaomu 10. Countryman Type 85 ni mojawapo, na Radial wana PZ-DI ambayo unachagua mwenyewe. Kwa asiyenunua, kazi ni ya jioni moja. Chukua IC (kile kidude cheusi cha sakiti chenye miguu) ya TL071 na betri ya volti 9. Gawanya volti ya betri katikati kwa rezista mbili za kiloomu 100, na kapasita ya mikrofaradi 10 kutoka hapo katikati kwenda ardhini. Kutoka katikati hapo hapo peleka rezista ya megaomu 10 kwenye mguu wa 3 wa IC. Pikapu iingie mguu huo huo kupitia kapasita ya nanofaradi 10. Mguu wa 2 uunganishwe na wa 6, na kutoka wa 6 sauti itoke kupitia kapasita ya mikrofaradi 10 na rezista ya omu 220. Mguu wa 7 unapokea betri, wa 4 ni ardhi. IC hii inakula kama miliampea moja na nusu, kwa hiyo betri nzuri ya alkalini inamaliza zaidi ya saa 200. Ikishuka chini ya volti 7, itoe. Sauti itaanza kupasuka kwenye noti kubwa, na utadhani ni spika.

Yote hayo yakae ndani ya kisanduku cha bati kilichounganishwa na ardhi ya jeki. Cha plastiki kitakupa mvumo wa umeme. Na waya wa kutoka pikapu hadi kisandukuni usizidi mita 1. Waya wa kawaida wa jeki una kama pikofaradi 100 kwa kila mita. Kwa pikapu ya nanofaradi 1, mita 6 za waya zinakula zaidi ya theluthi ya sauti kabla haijafika popote, na kila anayeukanyaga waya huo anasikika ukumbini. Baada ya kisanduku, waya uwe mrefu utakavyo.

Mahali pa kuibana pikapu pana ubishi usiokwisha, na hatutaumaliza hapa. Zile za kuingia kwenye mpasuo wa bawa la daraja zinataka kubanwa sawasawa: ikilegea, sauti inakuwa kavu, ikikazwa mno, bawa linapasuka kufuata nyuzi za mti. Kipande cha kadi ngumu au ganda jembamba la mbao ndicho kinachojaza nafasi, kamwe si gundi. Zile za kulala chini ya mguu wa daraja, kama Realist, zina sauti nene na zinavumilia upinde. Upande wa uzi wa E, juu ya mhimili wa ndani, ule ubao mrefu ulioshikizwa chini ya uso wa besi, pananenepa. Upande wa G, jirani na kijiti cha ndani, panasafika. Zile za sumaku zinazokaa mwisho wa ubao wa vidole zinataka nyuzi za chuma. Mwenye nyuzi za utumbo au za nailoni apite tu.

Onyo moja hapa. Ukitaka kuweka kitu chini ya mguu wa daraja, usifungue nyuzi zote kwa pamoja. Nyuzi nne za chuma zinavuta jumla ya zaidi ya kilo 100, na mgandamizo huo ndio unaokishika kile kijiti kilichosimama ndani kati ya uso na mgongo. Ukiuondoa wote, kijiti kinaanguka, nacho hakisimami tena kwa mtu asiye na chombo chake maalumu. Laza besi chali juu ya godoro, chora kwa penseli mahali miguu ilipo, tandika kitambaa chini ya mkia, pale nyuzi zinapofungwa, legeza nyuzi kiasi cha kuinua mguu mmoja milimita chache, ingiza pikapu, kaza taratibu huku ukilirudisha daraja wima kila baada ya mizunguko michache. Daraja hupenda kuinama kuelekea ubao wa vidole. Likiachwa hivyo, siku moja linapiga kofi juu ya uso wa besi, na hapo tena tunazungumza habari za fundi seremala.

Sasa maikrofoni ya ndani. Hii ndiyo inayowagawa watu, na sababu zao wote ni za haki.

Wazo si geni. Katika miaka ya 1940 Mmarekani Everett Hull, mwenyewe mpiga besi, alifunga maikrofoni juu ya mguu wa besi, ule wa kusimamia chini, kwa ndani, na jina la kampuni ya Ampeg ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mguu uliokuzwa sauti. Kwetu sisi wa pwani kuna sababu ya ziada ambayo wenye kumbi zilizofungwa hawana: upepo. Weka maiki nzuri mbele ya daraja kwenye uwanja wa wazi wakati wa kusi, au jioni pale ufukweni Bagamoyo, halafu sikiliza. Unachokipata ni mpumuo wa bahari, pamoja na dumbaki, ganuni na mwimbaji. Maiki iliyo ndani ya tumbo la besi haipati upepo hata kidogo, na sauti za jirani zinaifikia zimepungua.

Ila tumbo lina lafudhi yake. Hewa iliyo ndani, ikipumua kupitia yale matundu mawili ya usoni, ina noti inayoipenda kuliko zote, na kwa besi za kimo cha robo tatu noti hiyo huangukia karibu na 60 hadi 65 Hz, yaani B au C ya kwenye uzi wa A. Ukiwa ndani, noti hiyo iko kila pembe. Hakuna mahali pa kuikimbia. Juu yake kuna mawimbi yanayosimama kati ya kichwa na kitako cha tumbo. Tumbo lenye urefu wa kama sentimita 110 linaleta wimbi la kwanza karibu na 158 Hz, na hili, tofauti na ile noti ya hewa, linakimbilika: kanieneo yake iko juu kwenye ncha mbili na inakaribia sifuri katikati. Kwa hiyo maiki ikae katikati ya urefu wa tumbo, usawa wa kiuno, takriban usawa wa daraja. Anayeisukumia kitakoni kwa sababu mkono unafika kwa urahisi, au anayeifunga juu ya mguu wa chuma, amejichagulia ile sauti ya mtu anayesema ndani ya pipa.

Kuining'iniza kunataka subira kuliko pesa. Chukua kapsuli ya elekreti, yaani kile kiini kidogo cha maiki, ya milimita 6 au 10. Ilehemu kwenye waya mwembamba wenye ngao, ule mguu ulioshikana na ganda ndio ardhi. Ivishe sponji ya godoro mpaka iwe kama jicho la samaki mkubwa, ikibonyea ipite kwenye tundu la besi. Kisha pitisha mshipi wa kuvulia kutoka tundu moja hadi la pili. Mshipi huu ni wa kuvutia tu. Kwa mshipi huo vuta lastiki ya cherehani iliyofungwa kapsuli katikati, na ncha za lastiki zibane kwenye kingo za matundu kwa vipande vya sponji. Usiiache kwenye mshipi wenyewe, kwa maana nailoni iliyokazwa inapitisha mtikisiko wa mbao moja kwa moja, na kila ukigusa besi utasikia kishindo. Kapsuli isikiguse kijiti wala mhimili, na waya usilambe uso wa ndani. Ukisikia mcharuko mdogo unaokuja na noti fulani tu, basi waya ndio unaogusa. Tafuta hapo kabla ya kutafuta popote.

Kapsuli inataka umeme wake. Kutoka betri ya volti 9 pitia rezista ya kiloomu 2.2 hadi mguu mzuri wa kapsuli, na sauti itoke hapo hapo kupitia kapasita. Nyingi zinavumilia hadi volti 10, na ni afadhali zipewe 9 kuliko volti 1.5 ya betri ya saa, kwa sababu ndani ya besi kuna kelele kubwa kuliko mtu anavyodhani, na kapsuli yenye njaa inapasua sauti. Volti 48 za miksa zisifike kwenye kapsuli hii bila adapta yake. Haitalalamika. Itakufa.

Hapo kwenye kapasita ya kutolea ndipo penye ujanja wa bure ambao tunashangaa kwa nini hautumiki zaidi. Ukiweka mikrofaradi 1 na mlango wa kiloomu 10, kila kitu kinapita, pamoja na lile donge la 60 Hz. Ukiweka mikrofaradi 0.1, sauti inaanza kukatwa karibu na 130 Hz. Ukiweka 0.047, inakatwa kuanzia kama 280 Hz, na ile noti ya tumbo inashuka karibu desibeli 13 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) bila kugusa ekwalaiza. Kapasita ya shilingi chache imefanya kazi ambayo fundi mitambo angeihangaikia usiku kucha.

Na kwa nini tukate sauti za chini za maiki ya ndani? Kwa sababu hatuzihitaji kutoka huko. Pikapu iliyopata mlango wake sahihi inatoa sauti za chini thabiti, zisizopiga mluzi upesi. Inachokosa ni hewa: kidole, mbao, ule mpumuo wa mwanzo wa noti. Maiki inavyo vyote hivyo. Kwa hiyo wagawane kazi. Chaneli ya pikapu ikatwe chini ya 35 au 40 Hz, maana huko hakuna noti, kuna vishindo vya miguu ya watu, na ikatwe kwa mteremko mkali. Juu, kati ya 1 na 3 kHz, punguza desibeli 3 mpaka 6 kuondoa ile sauti ya puani ya piezo. Chaneli ya maiki ianzie 200 au 250 Hz kwenda juu. Anza na pikapu peke yake mpaka iridhishe, ndipo uinue maiki polepole, na usimame pale ambapo ukiizima unaona kuna kitu kimeondoka lakini ukiiwasha huisikii kama kitu cha pili.

Kabla ya hapo lakini, bonyeza kile kitufe cha kugeuza pande za umeme kwenye chaneli ya maiki. Mpigaji arudie noti ya A ya chini, wewe bonyeza, achia, bonyeza. Upande mmoja besi inajaa, upande mwingine inanyauka. Acha kwenye ule uliojaa. Ni kazi ya sekunde 10, na ikisahauliwa fundi atapandisha maiki akidhani anaongeza kumbe anatoa.

Wako watakaosema maiki ya nje kwenye shingo nyumbufu, iliyobanwa kwenye mkia na kuelekezwa chini ya daraja, ni ya asili zaidi. Ni kweli. Studioni, au kwenye ukumbi mdogo wenye watu waliokaa kimya, hatutatumia ya ndani. Kwa harusi ya uwanjani yenye spika nane, tutatumia ya ndani tena kwa kiasi, na pikapu ibebe mzigo.

Mluzi. Dawa yake ya kwanza si ekwalaiza, ni mahali. Besi isisimame mbele ya spika za ukumbi, na uso wake usitazame amplifaya ya mpigaji. Amplifaya hiyo ipandishwe juu ya kiti imuelekee masikioni. Wengi huilaza sakafuni nyuma ya besi, kisha wanashangaa. Jukwaa la mbao lenye uvungu ni besi ya pili: mguu wa chuma ukisimama juu yake, mtikisiko wa spika za chini unapanda kwa mguu huo mpaka kwenye daraja. Weka sponji nene, juu yake ubao mdogo, juu ya ubao ndiyo mguu. Busati peke yake halitoshi. Matundu ya besi ukiyaziba kwa sponji, ile noti ya hewa inalegea na mluzi unasogea mbali. Maiki ya ndani inabaki ikifanya kazi, ingawa inakuwa nzito kidogo.

Baada ya hapo ndipo ekwalaiza. Mpigaji apande noti kwa noti kutoka E tupu hadi G ya juu, kwa nguvu ileile, sauti ikiwa kama itakavyokuwa usiku. Noti moja itavimba kuliko wenzake. Ikate hiyo, kwa ukanda mwembamba, desibeli 6. Moja, au mbili. Ukijikuta unakata tano, rudi kwenye mahali.

Mvumo ni jambo jingine, na kwa besi una utani wake. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na G ya chini, ya kwenye uzi wa E, ni 49. G ya uzi tupu ni 98, na ndugu yake mvumo ana 100. Kwa hiyo mvumo wa umeme unajificha ndani ya muziki, na mpigaji anaweza kudhani G yake imepotoka kidogo. Nyamazisha nyuzi zote kwa kiganja: ukibaki, ni mvumo. Tumia swichi ya kutenganisha ardhi iliyoko kwenye boksi la DI. Msikate mguu wa ardhi wa plagi, jamani. Mpiga besi ameshika nyuzi za chuma zilizo jirani na waya wa pikapu, na mwimbaji pembeni yake ameshika maiki ya chuma.

Limebaki la kwetu wenyewe, ambalo vitabu vya wenzetu wa nchi kavu hawaliweki. Chumvi. Kisanduku cha megaomu 10 kinategemea kwamba hakuna njia nyingine ya umeme kati ya ncha na ganda la jeki. Jeki iliyokaa miezi kadhaa karibu na bahari inavaa utando wa chumvi, na usiku wenye umande utando huo unavuta maji na kuwa njia. Ikiwa njia hiyo ina kiloomu 500, basi megaomu zako 10 zimekuwa chini ya nusu megaomu, na E imekwenda. Ndiyo maana besi iliyosikika vizuri saa kumi alasiri inakonda saa sita usiku, na kila mtu anamtazama fundi. Futa jeki na soketi kwa spiriti safi, zikauke kabisa, na begi la besi lilale na vifuko kadhaa vya silika. Pikapu za shaba chini ya mguu wa daraja zikaguliwe zikianza kuota kutu ya kijani. Zile za kubandikwa kwa nta ama gundi ya karatasi huachia wakati wa masika. Wakati huo huo uso wa besi unavimba, nyuzi zinapanda juu ya ubao, na bawa la daraja linaibana pikapu kuliko lilivyoibana Januari. Kwa hiyo sauti iliyowekwa kiangazi isikilizwe upya mvua zikianza.

Kwa wenye shughuli tunaomba mambo mawili, nayo hayana gharama. Orodha ya mitambo iandikwe chaneli 2 za dabo besi, isiwe 1. Na mpiga besi apewe dakika 15 za kupimwa sauti akiwa peke yake, kabla watu wa ngoma hawajaanza kupasha mikono. Wakishaanza, hakuna atakayesikia noti iliyovimba mpaka harusi iwe imejaa.

Ni sisi,
Mafundi wa vyombo vya nyuzi na mitambo ya muziki,
Ngamiani, Tanga.